Tisa Juu ya Kumi

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Soumaya aliigiza hewani sauti ya mwanamke wa nyuma ya mlango, na fundi mitambo, kule upande wa pili wa kioo, akacheka mpaka akajishika mbavu. Na aliigiza barabara, hilo tusimnyime. Alikohoa mara mbili, kikohozi cha kifua kilichojaa maji, akavuta pumzi kwa filimbi ya pua, akatoa ule mguno wa "yaa… tii…" uliokuwa umewatoa jasho watu wa nchi tatu. Kisha akaisogelea maikrofoni.

"Jamani, mi naapa, ule mlango musiufungue! Mutakufa wote. Hii gemu iko kali. Mi naipa tisa juu ya kumi, na ile moja nimeinyima kwa roho mbaya tu."

Kipindi chake cha kuhakiki gemu kilisikilizwa kuanzia maofisi ya Rohero, katikati ya mji, mpaka mtaa wa Musaga, na siku hiyo simu zilimiminika. Gemu yenyewe iliitwa Kina. Iliundwa na Loïc, kijana wa Kanyosha mwenye miwani na aibu nyingi, pamoja na wenzake wanne. Ilihusu kituo cha utafiti chini kabisa ya ziwa Tanganyika, miaka mia mbili ijayo, ambamo kitu kisicho na jina kinaingia miilini mwa watu na kuvaa sauti zao. Kila hatua mchezaji anachagua: nani apewe hewa, nani aachwe, mlango upi ufungwe. Uchaguzi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa sura ya mwisho, mwanamke anapolia nyuma ya mlango wa chuma akiomba afunguliwe. Ukifungua, kile kitu kinaingia na watu wako wote wanakufa. Usipofungua, unapanda juu salama huku sauti inafifia.

Wahakiki wa nje waliisifu ile sauti mpaka wakapitiliza. Mmoja wa Paris aliandika kwamba ni kikohozi bora kabisa alichowahi kukisikia katika gemu, eti kichafu na kitamu kwa pamoja. Mwingine wa Montréal alisifu lugha ya kubuni ya kile kiumbe. Wa Dakar alisema alivua vifaa vya masikioni akaenda kunawa mikono. Loïc alizibandika sentensi hizo kwenye tangazo lake, na Soumaya akazisoma hewani moja moja kwa fahari, maana aliyetengeneza sauti zote za Kina alikuwa Twalibu, mdogo wake wa tumbo moja.

Jumatatu, baada ya swala ya adhuhuri, Mama Adija alibisha hodi nyumbani kwao Buyenzi. Huyu ndiye mwosha maiti wa wanawake wa mtaa ule, mama wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mama yake Soumaya alipofariki mwaka uliopita, ni yeye aliyeongoza kumwosha. Na waosha maiti wana kanuni yao: ulichokiona juu ya mwili wa mtu, iwe harufu, iwe kidonda, iwe uso uliokunjamana, unakizika pamoja naye. Humwambii hata mumeo. Mama Adija alikuwa ameosha nusu ya mtaa, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia.

Alikataa chai. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani.

"Soumaya mwanangu, kuna kitu mi nilikizika. Jumamosi nimekisikia kwenye redio."

"Kitu gani, mama?"

"Ile kukohoa ya mara mbili. Ile filimbi ya pua. Na ile munayosema ni lugha ya mashetani." Akashusha sauti. "Ni Yaa Latifu, ile dua. Mama yako alikuwa hana nguvu ya kuimaliza. Mi nilishinda naye siku tano za mwisho. We ulikuwa Nairobi."

Soumaya alitaka kucheka, akauona uso wa yule mama, akaacha. Ni kweli alikuwa Nairobi, kwenye mafunzo ya redio ya wiki tatu. Alipoondoka, mama alikuwa bado anaongea kwa sauti yake ile ile ya kukaripia. Aliporudi alikuta maiti. Sauti ya katikati hakuwahi kuisikia. Aliyekuwa garde-malade, yule wa kulala na mgonjwa hospitalini, kumlisha, kumgeuza, kumfuta mate, alikuwa Twalibu.

"Na we ukaiiga, mwanangu," Mama Adija alisema, akainuka. "Ukaiiga vizuri."

Twalibu alikuwa na chumba uani, chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele, ambako alirekodi kaswida na nyimbo za maharusi. Soumaya aliingia bila hodi. Hakumuuliza kitu. Alivaa vifaa vya masikioni, akashika manette, kile kidude cha kuchezea, akaenda moja kwa moja kwenye sura ya mwisho, na mbele ya ule mlango wa chuma akachagua neno ambalo wahakiki wote walilikwepa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza: Fungua.

"Dada, apana," Twalibu alisema, akajaribu kuchomoa waya. Soumaya alimsukuma kwa kiwiko.

Mlango ulipofunguka, chuma kiliacha kuziba sauti. Ile milio ya maji aliyoiongeza Twalibu na miangwi yake ikapungua, na mama yao akaanza kukohoa ndani ya kichwa cha Soumaya. Si mfano wa mama, si mwigizaji. Mama. Kikohozi, filimbi, Yaa Latifu iliyokatika, mlio wa kitanda cha hospitali. Kisha: "Soumaya… Soumaya, uko wapi? Njoo unigeuze." Kwenye skrini kitu cheupe chenye mikono mirefu kilikuwa kinamtafuna nahodha, damu imetapakaa mpaka pembeni, na juu ya damu yakatokea maandishi madogo, yale ambayo gemu humwonyesha mchezaji baada ya kila uchaguzi. Yalisema: Asilimia 96 ya wachezaji hawakufungua.

Alitapika pale pale, juu ya zulia la Twalibu na juu ya nyaya zake. Akatapika tena. Aliona kinyaa mpaka kwenye fizi, kinyaa cha ulimi wake mwenyewe uliokohoa kile kikohozi mbele ya mji mzima ili watu wacheke, na lile neno la yule wa Paris, kitamu, likamrudia. Alijifuta mdomo kwa upindo wa kitenge.

"Uliniambia alilala," alisema alipopata pumzi. "Ulisema, 'Dada, mama amelala tu kama mtoto, hakusema kitu.'"

"Ningekwambia nini? Kwamba alikuita siku mbili?"

"Ukaona bora uwaambie watu wa Paris!"

Twalibu alikaa chini sakafuni, hakujali uchafu.

"Nilirekodi kwenye simu kwa sababu haukuwepo. Nilitaka siku moja uisikie. Halafu mi mwenyewe nikashindwa kuisikiliza. Loïc akaja, anatafuta sauti ya mutu anayezama. Nilijaribu waigizaji watatu, wote bandia. Nikasema nitaweka kidogo tu, nitaipotosha, hakuna atakayejua. Bon, watu wakapenda."

"Watu wakapenda! Alhamdulillahi, watu wamependa! We ni mutu wa namna gani, Twalibu? Mama anakata roho, we unapima sauti?"

"Nilimgeuza pia!" Twalibu alipiga kelele, machozi yakamtoka. "Nilimgeuza usiku kucha, peke yangu! Jina lako nilijaribu kulikata, mkono ukakataa. Nikaliacha mule nyuma ya mlango, kwa sababu hakuna anayefungua."

"Na ile ya kwenye simu?"

"Nilifuta. Imebaki mule ndani ya gemu tu."

Soumaya alitoka akapiga meno yake mswaki mara tatu, na ladha haikutoka. Alichotaka ni kimoja: Jumamosi ifike, akae mbele ya maikrofoni, aichane ile gemu vipande vipande, awataje wahakiki wote waliolamba midomo, ajitaje na yeye. Alianza hata kuandika. Akampelekea Mama Adija ile karatasi amsomee, na yule mama akasikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharage.

"Ukisema ni mama yako," alisema, "mji mzima utaenda kufungua huo mlango, wasikie namna alivyokufa. Watu ni watu. Unataka kumvua nguo mara ya pili?"

"Kwa hiyo ninyamaze? Waendelee kumsifu kikohozi?"

"Ondoa ile sauti, halafu unyamaze. Na we ulishika maji ya kumwosha, Soumaya. Kanuni imekushika na we."

Basi ikawa hivyo. Kazi yake sasa ilikuwa kumsitiri mama yake: sauti itoke kwenye gemu, na pasiwe na mtu wa kujua kwa nini ilitoka wala ilikuwa ya nani. Hasira aliimeza nzima nzima.

Jumatano alipanda Kanyosha kwa Loïc, akamwambia yeye peke yake. Loïc alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kijana wa watu alikuwa hajui. Jina la Soumaya mule nyuma ya mlango alilisikia, akadhani ni utani wa Twalibu kwa dada yake mhakiki. Alisema "pardon" mara nyingi hata ikaanza kuchosha. Kisha akafungua kompyuta, akalitafuta lile faili, akamgeukia.

"Dada, nikutolee nakala kwanza? Ubaki nayo?"

Ilikuwa ndiyo sauti ya mama yake ya mwisho duniani, na ilikuwa inamwita yeye. Soumaya aliiangalia ile mistari ya kijani inayopanda na kushuka kwenye kioo, mahali fulani mule ndani mama alikuwa anaomba kugeuzwa. Alifikiria kuiweka kwenye simu yake, siku moja simu ikaibiwa au mtoto wa jirani akaibonyeza. Akafikiria pia, na hili lilimwumiza zaidi, kwamba angeisikiliza kila siku.

"Apana," alisema. "Futa."

Akalia njia nzima ya kurudi, na hakumficha mtu machozi.

Alhamisi toleo jipya likatoka. Mwanamke wa nyuma ya mlango sasa alikuwa Amandine, mwanafunzi wa maigizo, aliyekohoa mchana kutwa kwa moyo wote, maskini. Wahakiki wakaruka juu kwa hasira. Yule wa Paris alilalamika kwamba sauti mpya ni safi mno, wameiosha, wameiua. Wa Montréal aliishusha gemu alama mbili. Wachezaji wakadai warudishiwe mama wa zamani, waliandika hivyo hivyo, mama wa zamani, na Soumaya alisoma maoni yale mpaka akaiweka simu kifudifudi.

Jumamosi alijiandaa vizuri. Hewani alisema kwa sauti tulivu kwamba toleo jipya linamfaa zaidi, kwamba ile ya kwanza ilizidisha, kwamba mhakiki ana haki ya kubadili mawazo. Wasikilizaji watatu walipiga wakampinga, akawajibu kwa upole, na kila alipokata simu moja alihisi mama yake amefunikwa vizuri zaidi. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Akapokea simu ya mwisho.

"Halo, dada Soumaya, ni Landry wa Musaga! Mi sikubali kabisa. Hii mpya ni katuni. Mi niko na ile ya zamani, nilizima internet ili isibadilike. Na unajua? Jana nimefungua mlango!"

"Landry, asante, muda wetu…"

"Subiri kidogo! Munatuambiaka tusifungue, kumbe kule nyuma iko kitu. Anataja jina lako, dada! Soumaya, kabisa kabisa! Coïncidence gani hiyo? Nimeweka simu karibu, sikiliza."

Kitufe cha kukata kilikuwa chini ya kidole chake. Alikuwa amewakata walevi wengi kwa kitufe kile, na wenye matusi, na wanasiasa wa uchochoroni. Kubonyeza tu, na kipindi kingeisha kwa muziki, na mama yake angebaki amesitirika. Lakini ilikuwa ile sauti aliyoikataa Jumatano, aliyokwisha kuiaga, na kidole hakikushuka.

Kikohozi kikaingia hewani, mara mbili. Filimbi ya pua. Yaa Latifu, nusu yake. Nje ya kile chumba, kwenye maduka, kwenye gereji, kwenye majiko ya watu, redio zote zilikuwa wazi.

"Soumaya… Soumaya, uko wapi?"

"Labeka, mama," Soumaya alijibu. "Niko hapa, mama. Nakuja kukugeuza."

Landry alisikika akiizima ile gemu haraka haraka, kitu kikaanguka. Aliporudi kwenye simu, alikuwa ananong'ona, na hewani mnong'ono wake ulisikika kila mahali.

"Dada… ule ni mama yako?"