Mishipi Kwenye Njia ya Chemchemi

Kampuni ilikuja na maneno matamu: dunia inachemka, na dawa yake ni kuizungushia mikaratusi chemchemi ya Kaptolony, huku mlimani. Miti ingenyonya moshi wa viwanda vya ng'ambo, navyo viwanda viendelee kufuka raha mustarehe. Chepkosgei, mama wa hapo kijijini, alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa hasira. Nani mlimani hajui mkaratusi unavyofyonza maji? Bonde la pili walishaupanda, na kijito chao kilikauka. Chemchemi hii nayo ikienda, wangehama na watoto na ng'ombe.

Asubuhi iliyofuata trekta lilipanda mlima likiwa na miche. Na dereva, jamani, alikuwa Kemboi, kitinda mimba wake, aliyepata kazi hiyo Kitale baada ya kuhangaika sana. Moyo ulimuuma Chepkosgei, lakini hakurudi nyuma.

Alifungua leketyo yake, mshipi wa ngozi wenye kauri ambao mwanamke wa Kisabaoti hujifunga tumboni akishajifungua. Akaulaza njiani. Jepkemboi, jirani yake, akalaza wake, na wengine wakafuata, mpaka njia yote ikazibwa.

Munene, msimamizi kutoka mjini, aliangua kicheko. "Si ni mikanda tu, bana! Kemboi, pita!"

Vibarua waliokuja na trekta, vijana wa mlimani wote, walishusha majembe. Mshipi wa mama ukilazwa kati ya wanaogombana, ugomvi umekwisha. Anayeuruka amelidharau tumbo lililomzaa.

"Mama, watanifuta kazi," Kemboi alisema.

"Najua, mwanangu. Huo wa katikati ndio nilijifunga nikishakuzaa wewe. Amua."

Kemboi alizima injini. Maji ya chemchemi yakasikika yakibubujika. Alishuka, akampa Munene ufunguo. "Endesha wewe."

Munene hakujua kuendesha trekta. Aliwatazama vibarua, nao walikuwa wamekwisha kusimama nyuma ya mama zao. Akashuka mlima kwa miguu, viatu vyake vya mjini vikiteleza, na vigelegele vikamsindikiza karibu mpaka Chwele, kule chini. Kampuni ilirudi mara moja tu, kuchukua trekta na kung'oa mabango yake.

Siku ile ile Munene aliposhuka, Chepkosgei aliuokota mshipi wake, akaukung'uta vumbi, akajifunga. Furaha ilimjaa, lakini alimwonea mwanawe huruma.

"Sasa huna kazi, Kemboi."

"Ninayo." Akauchukua mtungi wa mama yake, ambao mwanamume wa huku haonekani ameushika, akateremka mbele ya watu wote kwenda kuteka maji.