Chapa ya Don Próspero

Subira huvuta heri, husema walioshiba. Subira ya Sajini Nicasio ilivuta kamba, nayo ilikuwa imemfunga mikono mbele ya baraza la mji.

Don Próspero Urdapilleta, mwenye ng'ombe wasiohesabika, alibwaga mezani chuma cha kupigia chapa. "Waheshimiwa, mtazameni bega. Alama ndiyo hii hii. Mtumwa wangu alitoroka, namtaka."

Kanali Eleuterio Barbarán, mjumbe wa nyika za Apure, damu ilimchemka. "Hakutoroka! Mkuki nilimpa mimi. Niliwaahidi wote: atakayepigana na Wahispania ni huru."

"Uliahidi mali ya watu, Kanali."

"Na wewe ulikuwa wapi, tulipokula nyama iliyolainikia chini ya tandiko la farasi? Si ulikimbilia visiwani, ukijipepea?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Mwenyekiti, Don Hilarión, akagonga meza. "Taratibu, ndugu zangu! Nyikani kwetu chapa ndiyo shahidi. Mwenye chapa ndiye mwenye mnyama."

"Mnyama?" Kanali alimtazama Nicasio, aliyemvusha mto mgongoni siku ile Kanali alipopigwa risasi. "Haya. Chapa ndiyo shahidi. Umesema mwenyewe, Mwenyekiti."

Akakinyakua kile chuma, akakichomeka katika jiko la makaa lililokuwa likipasha kahawa ya wajumbe. Walidhani anataka kukiharibu. Kilipoiva, chekundu kama pilipili, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akakikandamiza kwenye egemeo la ngozi la kiti chake. Ngozi ikalia, moshi ukafuka. Don Hilarión akaruka kama chura.

"Umerukwa na akili, wewe!"

"Usirudi kukaa hapo, mzee. Kiti cha Don Próspero hicho. Soma chapa."

"Upuuzi! Kiti ni cha baraza! Kukichoma tu hakukifanyi kuwa chake!"

"Na bega la Nicasio?"

Don Hilarión alijipangusa jasho, akawatazama wajumbe, hakupata wa kumwokoa.

"Mfungueni," akanong'ona. "Aende zake, huru." Kisha akapaza sauti, akitafuta heshima yake iliyomponyoka. "Lakini wewe, Kanali, umelikosea baraza adabu. Omba radhi sasa hivi, la sivyo ujumbe wako katika baraza hili umekwisha."

"Uchukue ujumbe wako. Siombi radhi."