Mkono wa Dugald Kifuani mwa Maiti

Nimeosha maiti wa bonde la Arrach kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Huo ndio ulikuwa utani wangu. Siku hizi siufanyi tena.

Finlay Comrie walimtoa mtoni Jumanne, amekwama kwenye mizizi chini ya kinu cha maji cha kusagia nafaka. Alikuwa amekaa majini siku tatu. Walimlaza ghalani kwa Mzee Wedderburn, mzee wa kanisa, wakaniita. Nilimwosha, nikamchana ndevu, nikamziba pua kwa manyoya ya kondoo kama ninavyomfanyia kila aliyezama, na kifuani nikamwekea sahani ya chumvi, kama ilivyo desturi yetu. Alipendeza kuliko alivyokuwa hai, maana akiwa hai alikuwa mlevi mwenye uso wa kugombana.

Bahati mbaya ni kwamba mtu wa mwisho kugombana naye alikuwa mdogo wangu, Dugald. Ilikuwa Jumamosi, harusini. Walishikana mashati kwa sababu ya sehemu ya kukatia mboji, ule udongo tunaoukausha na kuuchoma kama kuni, na Dugald akapiga kelele mbele ya bonde zima kwamba atamzamisha. Tangu hapo Finlay hakuonekana tena.

Hakimu wa bwana mwenye ardhi yote ya bonde akaamuru Jumatano watu wote wazima wapite wamguse maiti. Kwetu hilo halihitaji maelezo: mkono wa muuaji ukimgusa aliyeuawa, maiti hutoka damu.

Asubuhi hiyo Dugald alikuja kwangu na mfuko begani, viatu vimeshafungwa vizuri.

"Dada, mimi navuka mlima. Usiniulize naenda wapi."

"Unakimbia nini?"

"Kitanzi, dada. Nakimbia nini kingine?"

"Umemuua?"

"Sijamuua! Nililewa, nikalala zizini. Nimeamka kondoo ananitafuna kofia. Sasa nani atanitolea ushahidi, huyo kondoo?"

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka wote wawili mpaka nikashika meza.

"Weka mfuko chini, mjinga wewe," nikamwambia. "Ukikimbia leo, umeshajihukumu. Maiti hasemi uongo. Kama hukumuua, unaogopa nini?"

"Namwogopa Wedderburn."

"Wedderburn siye atakayetoa damu. Nisikilize. Wenzako watamgusa kwa ncha ya kidole, kama wanapima uji wa moto. Wewe usifanye hivyo. Weka kiganja chote kifuani, bonyeza hasa, waone huna la kuficha."

Akanitazama. Alikuwa na miaka thelathini na moja, lakini mama alipokufa nilimlea mimi, na niliposema jambo alilifuata. Akauweka mfuko chini. Nikampa uji wa shayiri, akala bakuli mbili.

Kabla watu hawajaingia ghalani, Mzee Wedderburn aliniagiza niondoe chumvi kifuani ili mikono ipate nafasi, na nitoe manyoya puani.

"Kitu chochote kisizuie ushahidi, Effie," alisema.

Nikayatoa kwa vidole vyangu hivi. Nikamfuta uso Finlay, nikarudi nyuma, nikajisikia fahari kwamba kazi yangu ni safi.

Wakapita. Isobel, mjane wake, akamgusa paji la uso akilia. Mwenye kinu akamgusa bega. Watu arobaini na kitu, vidole tu, haraka haraka. Kisha Dugald akaja, akanitafuta kwa macho, akaweka kiganja chote kifuani mwa Finlay, akabonyeza.

Povu jekundu likatoka puani, likateremka mpaka kwenye ndevu nilizozichana.

Isobel alipiga ukelele. Mimi sikupiga. Nilikuwa naliangalia lile povu na kulitambua, kwa sababu nimelifuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aliyezama, siku chache baadaye, ukimkandamiza kifua hulitoa. Amguse nani, amguse mtoto mchanga, hulitoa. Ndiyo maana huwa nawaziba pua! Lakini kwangu ile ilikuwa shughuli ya maji na matambara, na damu ya hukumu ilikuwa ya Mungu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuziwaza mbili hizo pamoja.

Nikasukuma watu, nikasema yote, tena kwa sauti.

"Wewe ni dada yake," alisema Wedderburn, bila ubaya wowote. "Kama ulijua, mbona hukusema asubuhi?"

Swali hilo najiuliza mpaka leo.

Walimfungia Dugald chini ya mnara wa kanisa. Kesho yake mchana waliniruhusu kumwona. Alikuwa ameketi sakafuni, ametulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko minyororo.

"Dada, nadhani nilimuua," alisema. "Nilikuwa nimelewa, sikumbuki kitu. Mchungaji anasema nikikiri nitasamehewa mbinguni. Nitakiri. Wewe mwenyewe umesema, maiti hasemi uongo."

Ningeweza kunyamaza. Angekufa akiwa na hilo la kushikilia. Lakini sikuweza kumwacha mdogo wangu aende kwa Mungu na dhambi isiyo yake, basi nikamweleza habari ya povu, na manyoya, na kubonyeza kifua.

Akainua uso.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipomwosha aliyezama wa kwanza. Miaka ishirini na zaidi."

"Na ile asubuhi, mfuko wangu ukiwa begani, ulijua?"

"Nilijua, Dugald. Ila sikufikiri."

Akageukia ukutani.

"Bora ungeniacha niwe nimemuua," alisema. "Nenda nyumbani, Effie."

Tangu ajifunze kusema utotoni, alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

Walimnyonga Ijumaa, hajakiri. Akiwa juu ya ngazi aliwatazama watu wote waliokuwa pale uwanjani, mmoja mmoja, akaniruka mimi.