Uzi wa Tisini na Saba

Iiris alipenda kufuma kama watu wengi wapendavyo harusi: kula, kucheza, na kutoweka kabla ya kuosha vyombo. Kuchagua rangi angeshinda kutwa. Ila kupitisha nyuzi za mtande, zile za urefu zinazotandazwa kwanza, kwenye vitanzi vya kitanda cha kufumia, mmoja mmoja, kwa zamu ya nne nne, kulimletea usingizi, kiu na haja ndogo kwa mpigo.

Katika ukumbi wa kufumia wa mji wa Iisalmi, mtande mmoja hutumiwa na watu watatu kwa zamu, na kila mmoja hupitisha fungu lake. Fungu la mwenzio hulikagui. Kukagua ni kumtukana. Iiris alipewa nyuzi mia na ishirini. Wa tisini na saba aliupitisha pasipo pake, akaligundua kosa alipomaliza. Kurekebisha ni kurudia nyuzi ishirini na nne tu. Nani ataona? akajiambia, akaenda kunywa kahawa.

Wa kwanza kufuma alikuwa Hilkka, bibi wa miaka themanini, na zulia lake lilikuwa jeupe, la mjukuu wake aliyekuwa akihamia nyumba mpya Jumamosi. Alhamisi Iiris aliingia na mifuko yake ya matambara ya rangi, akauona mstari ulioachwa na uzi wake. Ulikatiza weupe wote kama kovu.

"Njoo uone," Hilkka alisema. "Mita mbili tangu Jumatatu. Jicho lina ukungu, lakini mkono bado msichana."

"Mkono huo utatuzika sote, bibi."

"Nyie mtazikwa na uvivu. Ila wewe siku ya vitanzi ulimaliza mapema. Nikasema, huyu sasa kapona."

Iiris aligeuzia macho ukutani. Angeweza kunyamaza. Jumamosi wageni wangekaa nyumbani kwa mjukuu na mikate yao ya iliki, watazame chini, wamsikitikie bibi kwamba uzee umemfika. Bibi angeamini.

"Bibi, kuna kosa. Liko kwenye fungu langu. Nililiona, nikaliacha."

Hilkka alipapasa kitambaa mpaka kidole kikaukuta mstari.

"Uliliona lini?"

"Siku ileile."

"Ilikuwa urudie nyuzi ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Ishirini na nne," Hilkka alirudia polepole. "Hata kahawa isingepoa."

"Nitampigia mjukuu wako, nimwambie ni mimi."

"Kwamba zulia halipo, nitamwambia mwenyewe. Wewe shika kulabu ya kupitishia nyuzi."

Kwanza walifumua, maana uzi uliokwisha kufumwa hauchomoki kwenye kitanzi. Hilkka alivuta vitambaa vyeupe kimoja kimoja, akaviviringa upya. Mita mbili hazikuisha upesi. Kisha Iiris akainama kwenye vitanzi: kwanza, pili, tatu, nne. Usingizi haukuja, wala kiu. Alipofika uzi wa kumi wa marudio alijua hajakosea, na bado akarudi kuhesabu tangu mwanzo, huku nyuma yake bibi akikunja vitambaa vya zulia ambalo Jumamosi halingekuwepo.