Mlio Mfupi wa Besi

Siku ndege za Uganda zilipoupiga mabomu mji wa Bukoba, mwaka sabini na mbili, Clavery hakuzisikia zikija. Alikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Miembeni akifanya mazoezi na bendi, spika ya gitaa lake la besi ameifungulia mpaka vioo vya madirisha vinatetema. Aliipenda hivyo, sauti nene isiyokatika. Waliokuwa nje walisikia ngurumo wakajitupa mitaroni. Waliokuwa ndani walidhani ni besi. Bomu likaanguka nyuma ya ukumbi, ukuta ukamporomokea Yunus, mpiga drams, ukamvunja mguu.

Clavery alikimbilia Muleba kwa shangazi yake, Kokushubila. Gitaa alilitundika ukutani, yeye akawa anashinda migombani. Pikipiki ikipita barabarani, alijikuta amelala kifudifudi kwenye nyasi.

“Si ndege, mwanangu,” shangazi alimwambia.

“Najua, shangazi. Mwili ndio haujui.”

Msimu wa kahawa ulipokwisha, Omary, kiongozi wa bendi, alimfuata huko. “Yunus anachechemea, lakini anapiga. Tumekosa besi tu.” Clavery aliona haya kukataa.

Kilichomshinda ni ule mlio wenyewe. Kila alipogusa uzi, sauti ilimjaa masikioni, na nyuma yake lingeweza kupita lolote. Basi akamwomba shangazi kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti, akakikunja, akakishindilia chini ya nyuzi mahali zinapofungiwa. Akajaribu. Sauti ikatoka nzito, kavu, ikafa palepale. Baada yake akasikia kuku, akasikia upepo kwenye migomba. Angani hakukuwa na kitu.

Dansi la kwanza lilikuwa Jumapili alasiri, mjini.

“Besi lako linakohoa,” Omary alimnong’oneza.

“Ndivyo litakavyokuwa, kaka.”

Katika wimbo wa tatu, kati ya pigo na pigo, aliisikia. Ngurumo, mbali, upande wa ziwani. Vidole vilimganda. Akamshika Yunus mkono, akamkokota hadi nje, na nusu ya wachezaji wakawafuata wakikanyagana.

Ilikuwa ndege ndogo ya abiria, inashuka kutua. Watu wakacheka, midomo imewakauka. Clavery alisimama akitamani ardhi immeze.

“Litoe hilo tambara,” Omary alisema. “Fungulia spika, usisikie ya nje.”

Yunus alikuwa bado amemwegemea Clavery begani, akihema. “Usilitoe,” alisema. “Unadhani napiga taratibu kwa sababu ya mguu? Nami nasikiliza, ndugu yangu.”

Wakarudi ndani. Yunus akaweka pigo lake juu ya pigo la besi, kisha wote wawili wakaacha kimya kidogo, wakasikiliza, wakapiga tena. Wachezaji walisita mwanzoni. Halafu miguu yao ikauona ule upenyo, ikaanza kuudondokea, na ukumbi ukachangamka kuliko ulivyowahi kuchangamka kabla ya mabomu.

Haukupita mwaka vijana wa Buhembe na Kitendaguro wakawa wanashindilia soksi na matambara kwenye magitaa yao, wakimfuata Clavery kumuuliza siri ya mlio ule. Aliwajibu kuwa ni lubugo tu. Nao hawakuuliza kwa nini kila dansi alipiga amesimama karibu na mlango.