Hamu ya Nyama ya Nyati

Mimba ya Joyce ilikuwa inadeka, tena inadeka hasa. Mara udongo wa kichuguu, mara ndimu na chumvi, na safari hii nyama ya nyati. Nyati, jamani! Huku mlimani watu wanalima karoti na kabichi, kuku mwenyewe anasubiri Pasaka, halafu mtu anaamka asubuhi anamtaka nyati. Lakini mama yake, Veronika, hakumsema. Joyce alikuwa ameshapoteza mimba mbili, zote zikiwa na miezi mitano, na hii ya sasa ilikuwa imefika mwezi wa saba. Angetaka hata nyama ya tembo, Veronika angeiulizia.

Basi akampigia mwanawe Emmanuel anayekaa Mafiga, mjini. Emmanuel akaenda kwenye bucha la nyamapori, lile lenye kibali, akanunua kilo nne. Mbili akabaki nazo, mbili akazipakia alfajiri kwenye gari la mboga lililokuwa linarudi mlimani. Saa nne nyama ilikuwa jikoni kwa Veronika.

Nyati hakuwahi kumpika, lakini nyama ni nyama. Akainusa, akaibonyeza kwa kidole, akautafuta muhuri wa mkaguzi, akauona. Ilikuwa nyekundu ya kuiva, karibu na weusi, na haikuwa na harufu mbaya. Akaikata nusu, akaichemsha na tangawizi mpaka ikalainika, akaiunga kwa nyanya. Wifi yake Juliana, ambaye pua yake haijawahi kukosea sufuria ya mtu, akatokea na bakuli mkononi bila kuitwa. Joyce alikula mpaka akalamba vidole. Juliana naye alikula utadhani mjamzito ni yeye.

Hapo simu ikaita. Kwa Veronika simu huweza kuita popote, lakini mtandao wa kusikilizana unapatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililoko mwisho wa shamba la karoti, na hata hapo unapatikana ukipenda. Akakimbilia huko. Sauti ya Emmanuel ilikuwa inakatikakatika.

"Mama... nime... kwa afisa mifugo... nyama ina... ki... meta... msi..."

Simu ikakata. Akapiga, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani.

Kimeta! Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu afisa mifugo wa kata asimame kwenye mkutano wa kijiji kuueleza ugonjwa huo. Mnyama anakufa ghafla, damu haigandi, na anayekula nyama yake anaweza kumfuata. Hata mbwa msimpe, alisema, zikeni chini sana. Veronika aliruka kutoka kwenye lile jiwe, akakimbia nyumbani.

Alimkuta Joyce anakwangua sufuria.

"Acha!" Akampokonya. "Acha, mwanangu, hiyo nyama ina kimeta!"

"Yesu na Maria!" Juliana akaliachia bakuli. "Na mimi nimekula vipande sita!"

"Sita? Si ulisema vitatu?"

"Nilikuwa naona aibu, wifi!"

Veronika hakuwa na muda wa kumsuta. Alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo, akafukia mchuzi, nyama mbichi iliyobaki, na sufuria yenyewe. Juu akamwaga majivu. Kisha akamshika Joyce mkono wakaanza kuteremka kwenda zahanati, Juliana nyuma yao akishika tumbo na kuomba dua kwa sauti. Veronika hakuomba. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: mjukuu wangu nimemuua mwenyewe, kwa mwiko wangu.

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, Ahmadi, mtu wa Tanga, mpole na mtaratibu mpaka unatamani umsukume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu anakufa!"

Ahmadi akamtazama Joyce, ambaye alikuwa anahema kwa mteremko tu, akamkalisha, akampima joto. Akauliza nani aliyewaambia habari ya kimeta. Akaandika namba ya Emmanuel kwenye simu yake, akapiga, akaweka sauti ya juu wote wasikie. Huku chini mtandao ulikuwa safi.

"Emmanuel, ni Ahmadi wa zahanati, nipo na mama yako. Hiyo nyama nani kaipima akakuta kimeta?"

"Kimeta gani, daktari?"

"Si umenipigia wewe!" Veronika akapaza sauti.

"Mama, nilisema inameta. I-na-me-ta! Mke wangu kaikata, kaiona inang'aa kijani na zambarau kama mafuta ya taa juu ya maji, akagoma kupika. Nikaipeleka kwa afisa mifugo. Kaikagua, kacheka, kasema ni mwanga tu unacheza kwenye nyuzi za nyama. Hainuki, haina utelezi, muhuri upo. Sisi tumeshakula. Nikakupigia ili mkiiona inameta msiitupe."

"Msiitupe," Juliana akarudia polepole, akimtazama wifi yake.

Veronika alikaa chini, pale pale sakafuni, akalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Kisha akaanza kucheka, na Joyce akacheka, na Juliana akasema kumbe hata tumbo halimuumi.

"Msimcheke," Ahmadi akasema. "Nyama ikinuka, ikiteleza, au kama hujui mnyama alikufaje, kimbia hivi hivi. Haya, maadamu mmefika, tumsikilize mtoto."

Akamlaza Joyce kitandani, akaweka tumboni kile kifaa chao cha kusikilizia, kama tarumbeta ndogo ya mbao, akainama na sikio. Alihesabu kwa saa yake ya mkononi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamwita Veronika aje asikilize mwenyewe.

Zile mimba mbili za kwanza hakuwahi kuzisikia. Aliinama, hakusikia kitu, akaanza kuogopa upya. Halafu sauti ya moyo ikaja, mbali, ndogo, haraka haraka.

"Mbona kanakimbia hivi?"

"Ndivyo wanavyokwenda, mama. Mzima kabisa."

"Mama," Joyce akaita pale alipolala, "unasikia nini?"

Veronika akainua kiganja kumnyamazisha, sikio halijabanduka.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Bado nasikiliza."