Njano Haikai Peke Yake

Pikipiki aliyokuwa akiendesha Ibrahim ilikuwa imefungwa mnyororo uani kwa prezida Michel, na Jumatatu ingepewa mtu mwingine. Hilo ndilo lililomkosesha Soraya raha alipomkaribisha Fabrice barazani. Yeye mwenyewe alibaki upande wa ndani wa mlango, kwa kuwa eda ya mumewe ilikuwa haijaisha.

Michel aliongoza chama cha waendesha pikipiki wanaopeleka mizigo kutoka Kasongo mpaka Salamabila. Pikipiki ni za chama, na anayeonekana mvivu hunyang'anywa. Saa za kazi zilihesabiwa na programu ndogo ambayo Kassimu, mume wa Soraya na mwendeshaji mwenzao, aliitengeneza na kuiweka kwenye simu za wenzake. Kitufe cha kijani ni kuanza safari au kuendelea nayo, chekundu ni kumaliza, na katikati kuna cha njano. Simu yenyewe ilikumbuka muda wa kila kitufe, na mahali pikipiki ilipo safari nzima.

Kassimu alipofariki, chama kilimwita Fabrice, fundi wa kompyuta kutoka Kindu, akaleta ajenti. Ajenti ni programu ya akili bandia inayosoma saa zote na kuandika ripoti bila kushikwa mkono. Ila kabla ya kusoma saa husoma kwanza mwongozo, na Kassimu hakuacha mwongozo wowote. Waendeshaji wote walifundishwa kwa mdomo.

"Nilibahatisha, mama," Fabrice alisema. "Niliona njano, pikipiki imesimama. Nikaandika kwamba ni kupumzika."

"Nani anapumzika kwenye ile barabara? Kwenye yale matope?"

"Mimi sijapita kule. Nilikuja na ndege."

"Ndiyo maana inaonekana. Viatu vyako iko safi sana."

Fabrice alivitazama viatu vyake, akacheka. Soraya naye alicheka kidogo, akashtuka kuisikia sauti yake mwenyewe.

Kisha alimweleza. Kwenye barabara hiyo ya Kabambare, ukimkuta mwenzako ameanguka au ameharibikiwa, humpiti. Unasimama, unabonyeza njano, unakaa naye mpaka atoke pale alipo. Kwa Kassimu hiyo ilikuwa kazi kama kazi nyingine, na pengine nzito kuliko kuendesha. Siku Kassimu alipoanguka kwenye mteremko baada ya kijiji cha Lusangi, Ibrahim ndiye aliyemkuta. Alikaa naye mpaka gari likaja, na gari lilikuta Kassimu ameshakata roho. Ajenti aliusoma muda huo wote kuwa ni uvivu, na Ibrahim akawa wa mwisho kwenye ripoti.

Soraya alipakata kompyuta ya Fabrice akaandika: njano ni kazi. Ajenti alisoma na kutoa ripoti mpya papo hapo. Michel aliitwa barazani, akaisoma akiwa amesimama, akaikataa.

"Mama Soraya, mimi ninajua Ibrahim alikaa na marehemu. Kasongo nzima inajua. Lakini ukiandika hivi, Bakari atabonyeza njano, atalala chini ya muti mpaka jioni, na mashine itamusifu."

"Bakari hawezi, prezida."

"Bakari? Alilala kwenye harusi yake mwenyewe."

Fabrice alijifanya anakohoa. Michel alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma Soraya. Maneno aliyoyaandika yalikuwa ya kweli lakini hayakutosha. Ajenti hakuwahi kukaa barabarani na mtu, ilibidi aambiwe hata kile ambacho hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kinahitaji kusemwa.

Alifumba macho, akamsikia Kassimu akiwafundisha wenzake pale pale barazani, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Njano haikai peke yake. Wanaosimama ni wawili siku zote, anayesaidia na anayesaidiwa.

"Fabrice," alisema, "ajenti anaweza kutafuta nani mwingine alikuwa pale pale, wakati ule ule?"

"Anaweza. Lakini kwa Ibrahim atafungua saa za siku ile." Fabrice alishusha sauti. "Saa za marehemu."

Tangu msiba Soraya hakuwa amezifungua. Alikuwa akiogopa kuona nukta ya mumewe kwenye ramani ikienda, ikienda, halafu isiende tena. Aliivuta kompyuta karibu. Kisha akaandika, polepole, kwa Kiswahili cha shule:

"Ukiona njano, usiseme mtu amepumzika. Tafuta mwenzake aliyesimama mahali hapo. Ukimpata, wahesabie wote wawili kazi. Usipompata, usihukumu, uliza."

Ajenti alisoma. Safari hii Michel alikaa kitako, akasoma kwa sauti: "Ibrahim alikuwa kazini siku nzima. Alisimama na Kassimu." Akaendelea kushuka, na kila aliposhuka alikuta majina mengine, miezi na miezi ya watu waliosimama na wenzao na kuhesabiwa wavivu. Bakari pia alikuwemo.

"Hata Bakari," Michel alisema, akatoa ufunguo mfukoni. "Ibrahim aitwe."

Habari ilifika sokoni kabla ya Ibrahim kufika uani kwa Michel kuchukua pikipiki. Pikipiki zilijaa njiani mbele ya nyumba ya Soraya, honi zikalia zote pamoja, na majirani wakatoka wakidhani ni harusi. Ibrahim alisimama chini ya ngazi ya baraza.

"Nenda, shemeji," Soraya alimwambia kutoka ndani. "Mzigo hautajibeba."

Fabrice alikuwa bado ameinamia kompyuta. "Mama, ajenti anauliza kitu." Akaisogeza mlangoni. Kwenye kioo paliandikwa: "Saa za Kassimu za siku hiyo zilianza na hazijafungwa. Zifungwe wapi?"

Soraya alijifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akaandika mwenyewe: "Zifungwe pale Ibrahim alipobonyeza kijani kuondoka. Mpaka hapo mume wangu alikuwa kazini." Na juu kabisa ya mwongozo, mahali ambapo kila ajenti angeanzia kusoma, aliongeza mstari kwamba hesabu hii ya saa ilitengenezwa na Kassimu wa Kasongo.

Nje pikipiki iliwaka. Ibrahim alikuwa ameshapata mzigo wa Salamabila.